Vueni Pete Kabla ya Kushika Bakuli

Kabla sijawaambia lolote kuhusu chai, vueni pete. Na saa. Na bangili, na ile cheni inayoning'inia mpaka kifuani. Wekeni kwenye kisahani chenye kitambaa, pale mnapovulia viatu, halafu ndiyo mwingie. Naona wengine mnacheka. Chekeni, lakini vueni kwanza.

Jina langu ni Mwanaidi, ila mtaani kwetu Troyeville, huku kusini kabisa mwa Afrika, hakuna anayelijua. Huku mimi ni Mama Thandi. Miaka kumi na miwili nimefanya kazi Kensington, kwa mwanamke wa Kijapani aliyekuwa akifundisha watu kunywa chai. Ndiyo, kunywa chai hufundishwa! Hata mimi siku ya kwanza niliguna. Nilianza kwa kufagia uwanja, nikamaliza kwenye lile jiko dogo nyuma ya banda la chai, nikiosha bakuli, nikichemsha maji, na kuwaelekeza wageni wapya wakae vipi wasije wakaaibika. Sasa magoti yamegoma, na mwenye nyumba amerudi kwao kuzeeka. Mwalimu mpya aliyelichukua banda ameniomba niseme nanyi, ninyi mnaoanza. Nimemwambia sawa, lakini ninachokijua zaidi kwenye kazi hii ni hofu. Akasema basi waambie hofu.

Haya. Hofu ya kwanza ni bakuli.

Mwalimu Haruko, ndivyo nilivyomwita mwenye nyumba, alikuwa na bakuli jeusi la mama yake. Lilikuja kwa meli ndani ya sanduku, na sanduku ndani ya sanduku. Wiki yangu ya pili akanipa nilishike nizoee. Sasa mimi mtu wa Morogoro, nimelelewa na bibi aliyekuwa akinichapa kofi nikipokea hata chumvi kwa mkono wa kushoto. Kushoto ni kwa mambo ya chooni, kwisha. Nikaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, kwa adabu zangu zote, nikanyoosha wa kulia. Bakuli likateleza. Likagonga mkeka, likabiringika mpaka ukutani, likatulia. Halikuvunjika. Mimi ndiye niliyevunjika.

Mwalimu hakupiga kelele. Alilichukua, akalizungusha kwenye mwanga, akaniuliza kwa nini nimeficha mkono. Nikamweleza habari za bibi. Akafikiri kidogo, akasema, "Hapa mkono wa kushoto ndio kiti cha bakuli. Wa kulia unazuia tu lisianguke. Bibi yako angekuja, ningemweleza vivyo hivyo, na ningemwomba radhi kwanza."

Basi na ninyi, kiganja cha kushoto chini, cha kulia ubavuni. Mkitaka kulitazama bakuli, na mgeni lazima alitazame, msiliinue juu kama mnatafuta tundu. Inameni ninyi. Viwiko vikae magotini, bakuli liwe karibu na mkeka, hata likiponyoka lisianguke mbali. Na pete zikwaruzapo bakuli la mama wa mtu hakuna fundi wa kulirudisha. Ndiyo maana nikasema vueni.

Hofu ya pili ilikuwa yangu mwenyewe, nami sina haja ya kuwaficha. Mume wangu, Baba Thandi, alikuwa mmoja wa wapigania uhuru wa huku waliokaa kwetu Morogoro. Nilimpata pale, nikamzalia binti. Uhuru ulipopatikana akarudi kwao, mwaka uliofuata akatuita. Tukakaa naye Troyeville miezi saba. Kisha akasema anakwenda kijijini kusalimia wazee. Mpaka leo hajamaliza kusalimia.

Tatizo ni kwamba kibali changu cha kukaa nchi hii kilikuwa kimesimama juu ya ndoa yake. Yeye akiondoka, mimi naning'inia. Kilichonishikilia ilikuwa barua ya Mwalimu Haruko, kwamba huyu mwanamke ananifanyia kazi, ni mwaminifu, namhitaji. Barua ile ilikuwa ndani ya faili ofisi ya uhamiaji, na faili lilikuwa linasubiri. Kila nikiona gari la polisi navuka barabara. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, na mimi kamba yangu ilikuwa ile barua. Mwalimu akisema tu "simwamini tena," mimi na Thandi tunapakiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa.

Ilikuwa mwaka wangu wa nne. Alikuja mzee mmoja kutoka Japani na mkewe, mzee aliyemfundisha Mwalimu zamani. Mwalimu alikuwa akiogopa, nilimwona. Alifuta mkeka mmoja mara tatu. Wageni walipangwa wanne: mzee kwanza, kwa kuwa ndiye wa heshima, kisha mkewe, kisha Mama Mokoena, mwanafunzi wa siku nyingi, kisha mwanafunzi mwingine mkongwe awe wa mwisho. Saa saba na nusu simu ikalia. Yule wa mwisho gari limemfia njiani.

Mnadhani mgeni wa mwisho ni mtu wa kujazia nafasi? Hapana. Yeye ndiye anayehakikisha vyombo vimerudi kwa mwenyeji. Yeye ndiye anayetazama kama kuna kilichosahaulika mkekani. Na yeye ndiye anayefunga mlango, kwa kuugonga kidogo usikike, ili mwenyeji aliye jikoni ajue wageni wametoka wote. Mwalimu akaja jikoni, akanitazama nikiwa na aproni na mikono imejaa povu.

"Mama Thandi, vua aproni. Leo wewe ni mgeni."

"Mimi? Na nani ataosha bakuli?"

"Nitaosha mimi. Unajua kila kitu. Umewafundisha wengine."

Kujua na kufanya ni ndugu wasiosemezana! Nilivaa gauni langu la kitenge la sikukuu, lililokuwa limetundikwa pale kwa bahati, nikaingia kwa ule mlango mdogo wa kutambaa. Mnaujua. Una kimo cha meza, kila mtu anaingia kwa magoti, tajiri na maskini, na niliwahi kumwona bwana mmoja wa kampuni ya bima amekwama kiunoni tukamvuta kwa mikono. Siku ile sikumcheka mtu. Nilikaa kwa magoti, kitako juu ya visigino, na baada ya dakika kumi miguu ikaniaga.

Jirani yangu mkekani alikuwa Mama Mokoena. Huyu alikuwa nesi mkuu mstaafu, mwenyeji wa Soweto, mjane, mtu mnene mwenye sauti ya wodini. Alikuwa akija kila mwezi, na kila mwezi alikuwa akiniita "my sister" na kuniuliza hali ya Thandi. Nilimpenda. Ila alikuwa na neno lake, akisoma gazeti pale nje akisubiri: "Hawa watu wanaotoka Afrika wametujazia mji." Wanaotoka Afrika! Kama vile huku ni Ulaya. Halafu anakumbuka nipo, anasema, "Siyo wewe, my sister." Mimi nacheka, lakini ndani nimeshaandika.

Vitamutamu vikaja. Mnaviweka juu ya karatasi yenu nyeupe iliyokunjwa, mnakata kwa kijiti, mnakula kabla ya chai. Kwetu mgeni hamalizi chakula, anabakiza kidogo, asionekane mlafi. Kwao mgeni habakizi. Ukishindwa, unakunja kilichobaki ndani ya karatasi yako, unaondoka nacho. Sasa ikawaje? Kile kitamutamu kilikuwa cha maharage mekundu, laini, chenye umbo la ua, na mimi nikamkumbuka Thandi. Nani kati yenu aliyelelewa na mama Mswahili hajui pindo la kanga? Mama akienda shughulini harudi mikono mitupu, ana kipande cha kitu kimefungwa pindoni kwa ajili ya mtoto. Nikakata nusu, nikala nusu, nusu nikaikunja kwenye karatasi. Nikaiweka karibu na goti langu, upande wa Mama Mokoena.

Mama Mokoena ana sukari. Alionja kidogo, akakunja kilichobaki, akaweka karibu na goti lake, upande wangu.

Halafu nikamwona anashtuka. Alikuwa amesahau kuvua pete. Pete ya marehemu mumewe, yenye jiwe la rangi ya buluu, na kidole chake kilikuwa kimenenepa tangu avalishwe. Bakuli jeusi lilikuwa linakuja. Mzee kutoka Japani ameketi pale kama hakimu. Akainamisha kichwa kana kwamba anasali, akatia mate kidoleni, akavuta, akavuta, ikatoka. Nilitazama pembeni, kama adabu inavyotaka. Kwa hiyo sikuona alipoiweka. Wanangu, nawaapieni, sikuona.

Mengine yalikwenda. Bakuli lilipofika kwangu nikaliweka kati yangu na nafasi tupu, nikamshukuru mwenyeji, kiganja cha kushoto chini, nikalizungusha mara mbili ili mdomo wangu usiguse uso wake, yaani upande wake mzuri, nikanywa, nikamaliza kwa kile kivuto cha sauti ambacho kwetu ungepigwa kofi. Mwalimu aliniona. Akafumba macho kidogo, nikajua nimefanya sawa. Furaha ile iliniponza.

Maana wakati wa kutoka nilikuwa nawaza jambo moja tu: mlango. Niugonge kiasi gani? Ukigonga sana ni hasira, ukigonga kidogo hasikii. Mzee akatoka, mkewe akatoka, Mama Mokoena akachukua karatasi yake akatambaa nje akiguna. Mimi miguu imekufa ganzi, nikachukua karatasi iliyobaki, nikaitia kifuani, nikatambaa, nikaufunga mlango. Tok. Ilikuwa tok nzuri sana.

Nilirudi nyumbani kwa miguu saa kumi na moja. Kensington na Troyeville siyo mbali. Thandi, wakati huo ana miaka minane, alikuwa amekaa ngazini. Nikampa karatasi. Akaifungua, akatia kitamutamu mdomoni chote kwa mpigo. Akatafuna mara moja akasimama.

"Mama, kuna jiwe."

"Jiwe gani? Tema."

Akatema kiganjani mwangu. Nikapangusa maharage kwa kidole gumba, na lile jiwe la buluu likanitazama.

Nani anaweza kueleza nilivyosikia? Kwanza nikamshika Thandi, nikamfungua mdomo nione kama amekatika. Hajakatika. Angemeza je? Kisha nikaketi palepale ngazini na kuifunika pete kwa kiganja, kwa sababu watu walikuwa wanapita. Wiki ileile mtu wa mtaa wetu alikuwa amepigwa kwa ajili ya simu, na simu yenyewe haikuwaka.

Mtaniuliza kwa nini sikukimbia kuirudisha. Jua lilikuwa linazama. Mwanamke peke yake, pete ya namna ile, barabara ile? Nikaenda kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, chenye simu ya kulipia, nikapiga kwa Mwalimu. Inatumika. Nikangoja, nikapiga tena. Inatumika. Mara ya tatu, inatumika. Mwalimu Haruko hakuwa mtu wa simu, hata kidogo. Nikajua nani yuko upande wa pili, na nikajua anasema nini. Nikarudisha mkono wa simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jirani yangu Papa Kalume, fundi cherehani, Mkongomani, ndiye niliyemwonyesha. Huyu aliwahi kukamatwa akakaa ndani wiki tatu kwa sababu karatasi zake zilikuwa kwenye suruali nyingine. Alipoiona pete akaruka nyuma.

"Mama Thandi, sikiya muzuri. Usirudishe!"

"Nisirudishe? Siyo yangu!"

"Ukirudisha, watasema uliiba, na sasa umeshikwa na woga. Polisi ya huku haiulizaka, inakamataka tu. Tupa mu choo, vuta maji. Haukuona kitu. Voilà."

"Papa Kalume, ni pete ya marehemu mumewe."

"Na mtoto wako atabaki na nani?"

Hapo alinimaliza. Nawaambia ukweli, vijana, msije mkadhani mnasikiliza habari za malaika. Nilisimama mlangoni mwa kile choo cha pamoja na pete kiganjani. Nilisimama mpaka jirani akagonga akiuliza kama nimezimia. Usiku ule siusimulii.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Nilimvalisha Thandi sare ya shule. Akasema, "Mama, leo hakuna shule." Nikamwambia vaa. Niliona polisi wakimkuta mtoto wa sare watajua ana darasa, ana kiti chake, ana watu wanaomtarajia Jumatatu. Nikatia kwenye mfuko wa plastiki pasipoti yangu, cheti cha ndoa, nakala ya ile barua, na nguo mbili za ndani za mtoto. Pete nikaikunja kwenye karatasi ileile, ina mafuta ya maharage. Tukaenda. Pale kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, Thandi akanitazama akaniuliza kwa nini namminya mkono.

Nyumba ya Mwalimu ina mageti mawili, mnayajua. Lile la pembeni ni la wafanyakazi, na ufunguo wake nilikuwa nao. Lile la mbele ni la wageni, lina kengele. Nje ya geti la mbele gari la polisi limeegeshwa.

Miguu ilitaka kurudi Troyeville yenyewe. Nikawaza, nikiingia kwa pembeni na ufunguo wangu, kimya kimya, na pete kifuani, askari akanikuta uwanjani, nimekwisha. Ndipo likanijia jambo ambalo nimewafundisha wageni mara mia, nami sikulifikiria hata siku moja kuwa linanihusu. Mgeni wa chai, siku ya pili yake, hurudi kushukuru. Asiyeweza kurudi huandika barua. Anayekaa karibu anakuja mwenyewe, haingii ndani sana, anasema shukrani yake mlangoni, anaondoka. Ni lazima. Na mimi jana nilikuwa nani? Mgeni wa mwisho.

Nikautia ufunguo ndani ya mfuko wa Thandi. Nikabonyeza kengele.

Geti likafunguka, na mlangoni alikuwa Mwalimu mwenyewe. Alikuwa amevaa kimono cha kijivu na macho mekundu. Alinitazama, akamtazama Thandi na sare yake. Nyuma yake, pale ukumbini, Mama Mokoena amekaa kwenye kiti na mkoba magotini, na askari mmoja kijana amesimama kwa soksi. Mwalimu alikuwa amemvulisha viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu.

"Ndiye huyu?" askari akauliza.

Mwalimu hakugeuka.

"Huyu alikuwa mgeni wangu jana," akasema. "Nadhani amekuja kushukuru. Subiri kidogo."

Nadhani, alisema. Nikalisikia lile neno.

Nikapiga magoti pale pale mlangoni, juu ya saruji. Thandi naye akapiga magoti, sijamwambia. Nikaweka viganja chini, nikainama. Nikasema, "Mwalimu, jana ulinipa chai. Bakuli lilikuwa zuri. Nimekuja kushukuru." Nikatoa ile karatasi kifuani, nikaiweka mbele yangu, nikaigeuza mara mbili ili uso wake umwelekee yeye, nikaisukuma kwa mikono miwili. "Na mimi nilikuwa mgeni wa mwisho. Nilipaswa kutazama mkekani kabla ya kufunga mlango. Sikutazama vizuri. Nimechukua karatasi ya jirani yangu."

Mwalimu akaiokota. Hakuifungua. Alimpelekea Mama Mokoena kwa mikono miwili.

Mama Mokoena akafungua. Mkono wake mmoja ukaenda mdomoni. Akafungua mkoba akatoa karatasi nyingine, nyeupe, imekunjwa, akaifungua magotini: nusu ya ua la maharage, imekatwa sawasawa kwa kijiti. Alikuwa nayo tangu jana. Aliiona kuwa siyo yake pale alipofika kwake na kukosa pete, na bado alipiga simu. Aliitazama ile nusu, akamtazama Thandi pale chini, na nadhani akaelewa nusu nyingine ilikuwa inakwenda wapi. Ni nesi. Ni mama.

Askari akakohoa. "Huyu mgeni, ana kibali? Wewe, pasipoti."

Basi hapo ndipo roho iliponitoka. Nikautazama mfuko wa plastiki, nikaubana kwapani. Cheti cha ndoa kilichokufa, faili linalosubiri, ndivyo vitu nilivyokuwa navyo.

"Kijana," Mama Mokoena akasema, na hiyo ilikuwa sauti ya wodini, "nilikuita kwa habari ya pete. Pete hii hapa. Nilikosea mimi, niliiweka ndani ya karatasi badala ya kuivua nje, kwa sababu ya aibu zangu. Viatu vyako viko mlangoni."

Akaongeza maneno ya Kizulu ambayo Thandi aliyaelewa akaficha uso. Askari akavaa viatu, akaondoka.

Mnataka niseme aliniomba msamaha? Hakuniomba. Alivaa pete kwa shida, akapita karibu yangu nikiwa bado magotini, akasimama, akaondoka. Nusu ya kitamutamu aliiacha juu ya meza. Mwalimu akatupeleka mimi na Thandi jikoni, siyo jiko dogo, la nyumbani kwake, akatuchemshia maziwa.

"Kwa nini ulipiga kengele?" akaniuliza. "Ufunguo unao."

"Mgeni hana ufunguo, Mwalimu."

Akaniongezea maziwa. Miaka mingi baadaye, karibu na kuondoka kwake, aliniambia jambo ambalo angeweza kuondoka nalo. Alisema usiku ule, baada ya ile simu, alikwenda jikoni akahesabu mabakuli yake. Yote. Akafungua hata lile sanduku ndani ya sanduku. "Niliona aibu nikihesabu," akasema, "lakini niliendelea kuhesabu." Nikamwambia na mimi nilisimama mlangoni mwa choo na pete mkononi. Tukatazamana, vikongwe wawili, tukacheka mpaka akashika ukuta.

Kibali nilikipata mwaka uliofuata. Mengi yamebadilika tangu hapo. Siku hizi kuna viti kwa wenye magoti mabovu, maji yanachemshwa kwa umeme, na kisahani cha pete ni wazo langu mimi, pamoja na maneno haya ninayowaimbia: tazameni ndani ya karatasi yenu kabla ya kunyanyuka. Kibao kile cha mlangoni chenye maneno hayo nilikiandika mwenyewe, na makosa yake ya Kiingereza yamo bado.

Lakini siku ya kwanza ya kisahani ndiyo ninayotaka mwondoke nayo. Ilikuwa mwezi uliofuata. Sikutegemea kumwona Mama Mokoena tena, na kusema kweli niliomba asije, lakini alikuja. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na aproni yangu, kisahani mkononi, wageni watatu wamepanga mstari nyuma yake. Alifika mbele yangu, akaanza kuvuta pete. Alikuwa amekuja na sabuni kidogo kwenye kitambaa. Ikatoka. Nikamnyooshea kisahani.

Alikitazama, akakisogeza pembeni. Akanishika mkono, wa kushoto, uliokuwa mtupu, akaugeuza kiganja juu, akaiweka pete katikati mbele ya wale watu wote, akanifunga vidole kimoja kimoja. Kisha akainama akaingia kwa kutambaa.

Wanangu, sikuwahi kuogopa kama siku ile. Saa mbili nzima nilifanya kazi kwa mkono mmoja. Niliosha bakuli kwa mkono mmoja, nilimimina maji kwa mkono mmoja, Mwalimu ananitazama. Wa kushoto sikuufungua hata nilipokohoa. Alipotoka nikaufungua mbele yake, jasho tupu, na alama ya lile jiwe imekaa katikati ya kiganja. Akaichukua pete, akaivaa, akaniuliza hali ya Thandi.